Saa sita juu, kumi na mbili chini: shajara ya saa ninayoitengeneza stoo

Februari 2

Nimerudi kutoka Kariakoo na mkebe wa Blue Band. Nimepewa na mzee fundi saa ambaye nimekuwa nikimsumbua kwa maswali tangu mwaka jana. Ndani mna injini ya saa ya mfukoni ya Uswisi. Jina la kampuni lilishafutika, na daraja la treni, yaani kile kipande kinachoishika treni, safu ya magurudumu, kwa juu, halipo. Aliyewahi kuifungua zamani alilipoteza, au alilihamishia kwenye saa nyingine. Mzee anasema imelala humo tangu mimi navaa kaptula.

"Kila kitu kizima, mwanangu. Imekufa kwa kukosa daraja tu."

Nilikwenda kwake na wazo la kuchonga daraja. Kwenye daladala wazo likaanza kunenepa: kama naweza kuchonga daraja, kwa nini nisichonge na bamba linalobeba injini nzima? Na bamba likishakuwa langu, mbona uso uwe wa mtu mwingine? Nilipoteremka Mbagala nilikuwa nimeshaivaa mkononi.

Niseme mapema, nisije nikaulizwa baadaye. Magurudumu, balansi (lile gurudumu linalobembea na kupima mwendo) na kamani (springi za saa) sitengenezi. George Daniels wa Kisiwa cha Man, aliyefariki 2011, aliunda saa zake karibu kila kipande kwa mikono yake, lakini alikuwa na karakana iliyojaa mashine za kazi hiyo na maisha mazima ya kujifunza. Mimi nina stoo ya mita mbili kwa tatu ambayo hadi juzi ilikuwa ya magunia ya mkaa. Vinavyozunguka navirithi kwenye mkebe. Vinavyovishikilia, vinavyovifunika na vinavyosomwa nachonga mimi.

Februari 9

Stoo imefagiliwa mara tatu na bado mkaa unatoka. Kerezo dogo la mtumba lipo mezani, na jiliwa, msumeno wa sonara, tupa za sindano, bisibisi tano, vibano viwili, mikromita, na lenzi ya jicho inayokuza mara 10.

Meza ya fundi saa inatakiwa iwe juu, karibu usawa wa kifua, ili kazi iufuate uso badala ya mgongo kuifuata kazi. Nimeinua ya kwangu kwa matofali manne. Mke wangu amenipa khanga iliyochakaa. Pindo moja nimeligongelea ukingoni mwa meza, jingine najifunga kiunoni. Kitu kikiruka kinaangukia mapajani. Nimeshaokota humo skrubu mbili, na kazi yenyewe sijaianza.

Februari 16

Nimeifungua injini yote, nikapiga picha kila hatua na kupanga vipande kwenye kasha la mayai. Kipenyo chake ni laini 16. Laini ni kipimo cha zamani cha Kifaransa ambacho mafundi saa wamekataa kukiacha. Moja ni kama mm 2.256, kwa hiyo injini ina mm 36 na kidogo. Inaingia kwenye saa ya mkono bila mtu kukudhania umefunga kifuniko cha sufuria.

Usiku nikahesabu meno. Gurudumu la katikati lina 80 na linasukuma gia ndogo ya meno 10, kwa hiyo gurudumu la tatu linazunguka mara 8 kwa saa. Hilo la tatu lina 75 na linasukuma gia nyingine ya 10: mara 7.5. Nane mara saba na nusu ni 60, ndiyo maana gurudumu la nne linamaliza mzunguko kwa dakika moja na linaweza kubeba akrabu ya sekunde. La nne nalo lina 80, linasukuma gia ya 8 ya gurudumu la kuachia, lile linaloachia nguvu ya kamani jino kwa jino, ambalo lina meno 15. Kila jino linatoa mapigo mawili. Piga hesabu hadi mwisho unapata mapigo 18,000 kwa saa, matano kwa sekunde.

Nimeiandika hesabu hiyo kwa chaki ukutani. Mtoto wa jirani kaisoma akauliza kama nafundisha tuisheni.

Machi 1

Nimepata brasi. Mtaa wa Gerezani hapa Dar, kwa wauza vyuma chakavu, nimeokota kibao cha mlango wa ofisi chenye unene wa mm 3. Nyuma ni safi kama kioo. Mbele bado kuna herufi M, K na U. Mkurugenzi gani huyo sijui. Nimeamua upande wa herufi uwe wa chini ya uso wa saa, na mabaki ya U yatabaki humo ndani bila mtu kuyaona.

Kazi ngumu ya bamba si umbo lake. Umbo ni duara, kerezo linalitoa kwa nusu saa. Kazi ni mahali pa matundu. Magurudumu mawili yakikaribiana mno meno yanasagana, yakiachana mno yanateleza, na nafasi iliyopo kati ya hayo mawili ni ndogo kuliko uvumilivu wangu. Nilipima matundu ya bamba la zamani moja baada ya jingine, nikaandika kila moja liko umbali gani kwenda kulia na umbali gani kwenda mbele, kisha nikaanza kutoboa nikitumia meza ndogo ya kusogeza kwa mipini miwili.

Matundu matano yamekwenda vizuri. Kesho mawili yaliyobaki.

Machi 2

Bamba la kwanza limekuwa kining'inio cha funguo.

Nilipoweka gurudumu la tatu na la nne ili niyajaribu, yalizunguka robo yakakwama, kama mtu anayetafuna mchanga. Nilipima: tundu la gurudumu la nne limesogea mm 0.07, unene wa unywele wa kichwa. Nilitumia asubuhi nzima kulitafuta kosa kwenye hesabu zangu na hesabu hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mpini. Skrubu inayoisogeza ile meza ina ulegevu: ukigeuza upande mwingine, mpini unazunguka kidogo kabla meza haijaanza kwenda. Matundu matano ya jana niliyafikia yote nikitokea kushoto. La sita nilipitiliza, nikarudi nyuma kwa kuvuta kutoka kulia, na namba kwenye mpini ikaniambia nimefika wakati meza bado ilikuwa nyuma.

Fundi yeyote wa kukereza pale Gerezani angeniambia hili kwa sentensi moja. Sikuuliza.

Machi 9

Bamba la pili. Kila tundu natokea kushoto. Nikipitiliza hata kidogo narudi mzunguko mzima na kuanza upya. Umeme umekatika mara mbili, mara moja biti ikiwa ndani ya brasi. Magurudumu yanazunguka kwa kupulizwa na pumzi.

Machi 23

Vito. Ncha za mihimili hazizunguki ndani ya brasi tupu, zingeila. Zinazunguka ndani ya vijiwe vya yakuti vyenye tundu katikati. Zamani yalikuwa mawe ya kuchimbwa, hadi Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza mwaka 1902 jinsi ya kuyayeyusha kiwandani, na tangu hapo hata saa ya bei ya chini ikaweza kuwa nayo. Vya bamba nimevisukuma kutoka kwenye bamba la zamani. Vya daraja niliagiza nje, na vimekaa njiani wiki tano.

Kijiwe chenye upana wa mm 1.50 kinaingia kwenye tundu la mm 1.49. Hakuna gundi. Kinashikwa na huo upungufu wa sehemu moja ya mia. Unapanua tundu kwa rima, unapima, unapanua tena pumzi moja, kisha unakisukuma kwa mkandamizo ulionyooka kabisa. Cha tatu nilikisukuma kimeinama. Kililia kama chawa kwenye ukucha. Nilikuwa nimeagiza vya akiba viwili. Sasa kipo kimoja.

Aprili 6

Daraja limekwisha. Nililikata kwa msumeno wa sonara, mistari ya nje nikainyoosha kwa tupa, uso wake nikausugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo cha dirisha, mzunguko mmoja wa mkono mara mia kadhaa, hadi brasi ikawa na ukungu mmoja usio na mkwaruzo. Kingo nimezikata mshazari na kuzing'arisha kwa kijiti cha mbao na dawa ya kung'arishia. Kingo tu zimekula jioni tatu. Hazifanyi kazi yoyote. Hakuna atakayeziona kifuniko cha nyuma kikishafungwa, na bado ndizo ninazozitazama kila nikipita.

Kilichonitoa jasho ni kimo. Kila mhimili unataka nafasi ya kupumua kati ya bamba na daraja, kama mm 0.03. Ukiunyima, skrubu zikikazwa treni inakufa. Ukiizidisha, mhimili unayumba. Nilichonga miguu ya daraja, nikakaza, nikashika mhimili kwa kibano na kuuinua: kimya. Nikalegeza, nikasugua miguu kwenye msasa mara sita, nikakaza. Kimya. Mara nne nyingine. Safari ya tano kibano kikasikia kitu, "tk", kidogo sana. Nikaacha hapo hapo, nikafunga stoo, nisije nikaharibu.

Aprili 19

Inapiga!

Niliosha vipande vyote kwa benzini. Ncha za mihimili nilizisafisha kwa kuzichoma kwenye kiini cha mti wa muhogo uliokauka. Ulaya wana mti wao wenye kiini laini kwa kazi hii, muhogo hauna tofauti na unapatikana nyuma ya nyumba. Nilivaa vifuniko vya vidole nilivyokata kwenye glavu, kwa sababu mkono wa Dar es Salaam unatoa jasho na chuma kilichoguswa leo kesho kina kutu. Tone la mafuta kwenye kila kijiwe, dogo kuliko punje ya ulezi.

Umeme haukuwepo. Nilikuwa na taa ya sola na mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikaweka uma, kile kipande kinachopeleka msukumo wa gurudumu la kuachia kwenye balansi, nikaweka balansi yenyewe, nikatia ufunguo mizunguko mitatu. Balansi ikatikisika kama kitu kilichoshtuka usingizini, kisha ikashika mwendo, kwenda na kurudi, na kamani ya unywele, ile springi nyembamba ya balansi, ikawa inapumua katikati yake.

"Hiyo ni wewe umeifanya?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Ilikwenda dakika sita ikasimama.

Aprili 20

Inasimama. Ukiitikisa inakwenda, halafu inasimama. Sioni uchafu.

Nimempigia mzee. Nikamwambia nafikiria kuongeza mafuta. "Saa ikigoma usiipe mafuta, mwanangu. Mafuta si dawa. Andika inagoma saa ngapi."

Aprili 22

Nimeandika. Daftari lina safu mbili: imeanza, imesimama. Dakika 6. Dakika 3. Dakika 7. Dakika 5. Hazina mpango wowote. Lakini sikuwa naianzisha sehemu moja. Kila ikisimama naitikisa na inaendelea kutoka pale pale, wakati mwingine inapita, wakati mwingine inakwama tena baada ya sekunde chache.

Leo nimeacha kuhesabu kusimama, nimehesabu kuchoka. Nimebana maiki ndogo kwenye bamba na kuiunganisha na programu ya simu inayosikiliza mapigo na kukadiria balansi inabembea kwa upana wa digrii ngapi. Nilitia ufunguo hadi mwisho ili isisimame kirahisi, nikakaa na chai. Digrii 240. 235. 238. Kisha inashuka: 210, 170, 140, nikadhani inakufa, ikapanda tena hadi 240. Nikaandika muda. Ikashuka tena. Nikaandika.

Kati ya kushuka na kushuka ni dakika saba na nusu. Kila mara.

Niliinua macho ukutani kwenye ile chaki. Gurudumu la tatu linazunguka mara 8 kwa saa. Sitini gawanya kwa nane.

Aprili 23

Nimelifungua daraja na kulipaka wino wa maka peni upande wa chini, pale gurudumu la tatu linapopita. Nikafunga, nikaiacha iende robo saa, nikafungua. Kwenye wino kulikuwa na upinde mmoja mwembamba uliosuguliwa, urefu wa kucha ya mtoto, na chini yake brasi inang'aa. Gurudumu la tatu limepinda kiasi ambacho jicho halioni bila kulizungusha mbele ya ukingo wa kadi. Kila mzunguko, sehemu yake iliyoinuka inakuja chini ya ule ukingo wa daraja ambao nilichimba pungufu, na inajikuna.

Ningeweza kulinyoosha gurudumu. Lina umri mkubwa kuliko mimi, nimeogopa. Nimechimba daraja mm 0.06 zaidi.

Digrii 245, na zimebaki hapo hapo.

Mei 3

Siku kumi hakuna kitu. Tulikuwa Tanga, msibani.

Mei 11

Uso. Hili ndilo nililolitaka tangu kwenye daladala.

Akrabu fupi ikiwa kwenye 10 sisi tunasema saa nne. Ikiwa kwenye 3 tunasema saa tisa. Kila mtoto wa Kiswahili anafundishwa kutazama ng'ambo ya pili ya duara, na baada ya muda hatujui tena kama tunafanya hivyo. Nilitaka saa ambayo namba iliyoandikwa ndiyo namba inayosemwa.

Njia ya mkato ipo: chukua saa yoyote, irudishe nyuma masaa sita, basi. Lakini adhuhuri akrabu fupi itakuwa inatazama chini, na mtu akikuchungulia mkononi kwenye basi atashtuka kwamba amechelewa. Nimechagua kugeuza namba. Sita iko juu, tisa kulia, kumi na mbili chini, tatu kushoto. Akrabu zenyewe zinasimama pale pale zinaposimama kwenye saa nyingine zote za mjini. Saa sita mchana zote mbili ziko juu, na jua liko utosini. Jua linapotoka na linapozama, akrabu fupi inatazama ardhini.

(Karibu utosini. Saa ya Afrika Mashariki inafuata mstari wa digrii 45 mashariki na Dar iko kama digrii 39, na kila digrii ni dakika 4. Kwa wastani jua letu linafika katikati saa sita na dakika ishirini na kitu. Naandika kabla sijaandikiwa.)

Kuna matatizo mawili sikuyaona mapema. La kwanza ni dakika. Kama juu pameandikwa 6, dakika sifuri iko wapi? Tumezoea robo iwe kwenye 3, sasa iko kwenye 9. Nimeweka duara la nje la dakika lenye namba ndogo za 15, 30, 45 na 60, likae mbali na namba za saa ili yasigombane. La pili ni sekunde. Kwenye saa ya mfukoni ya aina hii kiduara cha sekunde kinakaa chini, mkabala na kifundo cha kutilia ufunguo, na hapo kingeila 12, yaani kingefuta alfajiri na magharibi kwa pamoja. Lakini ukiigeuza injini robo mzunguko ili kifundo kiwe kulia kama saa ya mkono, sekunde zinahamia kushoto na anayeliwa ni 3. Saa tatu naweza kuishi bila kuandikiwa.

Nilifikiria tarakimu za Kiarabu kama za saa ya ukutani ya babu. Mke wangu akauliza nani atazisoma. Nimechonga za kawaida, kwa patasi ya sonara, kwenye bati la brasi la mm 0.4. Mifereji ya namba nimeijaza rangi nyeusi ya kucha, ikakauka siku mbili, kisha nikasugua uso wote kwa msasa laini hadi rangi ikabaki ndani ya mifereji tu. Tisa imenitoka na tumbo kubwa. Imebaki hivyo.

Mei 25

Akrabu nimezikata kwenye jani la fila geji, ile ya mafundi magari ya kupimia nafasi za valvu. Ni chuma cha springi, chembamba, lakini kigumu kama roho ya mdeni. Kwanza nimekipasha kikawa chekundu na kukiacha kipoe chenyewe polepole kwenye majivu ili kikubali msumeno.

Kisha kuzitia buluu. Buluu hii si rangi. Chuma kilichong'arishwa ukikipasha kinaota ngozi nyembamba, na ngozi inavyonenepa inabadili sura: karibu digrii 220 ni manjano ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu karibu 295 inaingia buluu ya wino, na ukichelewa inapauka kuwa kijivu. Unaweka akrabu juu ya chengachenga za brasi kwenye kisahani ili moto uenee sawasawa, kisahani juu ya jiko la mkaa, na unainama.

Manjano ilikuja taratibu, nikajisahau. Zambarau ilikaa kama sekunde nne. Buluu ilipita nikiwa nafungua kibano. Kijivu. Nikang'arisha upya, jioni nzima, nikarudia. Mara ya pili ilipatikana buluu yenye doa moja la kahawia umbo la alama ya kidole changu, niliigusa. Mara ya tatu nimeipata. Akrabu fupi ilikubali mara ya kwanza, sijui kwa nini.

Juni 8

Kasha limetoka kwenye bushi ya shafti ya boti, shaba nyeusi ya baharini, nimeinunua kwa kilo kwa wauza skrepa. Nje imeshakula chumvi miaka, ndani rangi ya asali. Kerezo langu lilitetemeka kwa uzito wake. Nilikata robo milimita kwa robo milimita, Jumamosi mbili. Shaba hii inaacha kijani kwenye ngozi yenye jasho, kwa hiyo kifuniko cha nyuma nimekitengeneza kwa chuma kisichoshika kutu. Kioo nimenunua. Mkanda ameshona fundi viatu wa hapa mtaani, ambaye hakuelewa kwa nini nimempa vipimo vya nusu milimita, na alivifuata.

Juni 15

Imepatwa na wazimu. Jana ilikuwa inatangulia nusu dakika kwa siku. Leo imetangulia dakika 4 kwa saa moja.

Ni sumaku. Nilisogeza dira ndogo karibu na balansi na sindano ikawa inatikisika kwa mpigo wa saa. Mizunguko ya kamani ya unywele ikishikwa na sumaku inagandana, kamani inakuwa kama imefupishwa, na balansi inakimbia. Chanzo: bisibisi zangu nilikuwa nimezilaza juu ya spika ya redio. Nimefungua koili ya pampu iliyoungua upande mmoja, nikaitia umeme wa ukutani kupitia balbu, nikapitisha saa katikati na kuiondoa polepole hadi urefu wa mkono. Bisibisi nazo. Redio imehamia sebuleni, jambo ambalo wengine humu ndani walikuwa wakilidai tangu Februari.

Juni 29

Vipimo, baada ya siku kumi mkononi na usiku mezani. Uso ukitazama juu inatangulia sekunde 9 kwa siku, ukitazama chini 13. Ikisimama kifundo kikiwa chini inachelewa 6. Nikiivaa yote yanachanganyika, inatangulia kati ya 7 na 12. Ikijazwa hadi mwisho inakwenda masaa 34. Upana wa bembea umefika 260 baada ya mafuta kutulia.

Kwa injini iliyokaa kwenye mkebe wa siagi, sina la kudai.

Julai 6

Nimempelekea mzee. Kariakoo ilikuwa imejaa, na yeye yupo pale pale barazani nyuma ya kisanduku chake cha kioo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Leta."

Sikuivua. Nilinyoosha mkono tu na kumuuliza saa ngapi. Akatupa jicho.

"Kumi na robo."

Nikangoja. Hakusema kitu. Nikamuuliza haoni kitu.

"Naona akrabu ya dakika inataka kugusa kioo."

"Na namba, fundi?"

Akanivua saa mwenyewe, akashusha lenzi jichoni. Alikaa nayo muda. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Kumbe umezigeuza!" Akacheka hadi jirani yake muuza betri akageuka. "Mimi namba sijazisoma miaka, mwanangu. Natazama akrabu imeinamia wapi, basi. Ungeweka picha za kuku humu ningekwambia kumi na robo."

Akaiweka sikioni, akafumba macho. Akafungua kifuniko cha nyuma bila kuniomba ruhusa, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa daraja, ule wa jioni tatu, akarudi tena kwenye ukingo huo huo. Kisha akachukua bisibisi na kuikaza skrubu ya kushoto. Ilikubali robo mzunguko mzima.

"Ilikuwa inalia," akasema.

Julai 7

Akrabu ya dakika nimeikunja chini kwa kiasi cha unene wa karatasi mbili. Haigusi kioo. Tangu jana jioni imetangulia sekunde 5.